Mhusika wangu anapendeza lakini "si shujaa": nguli wa riwaya ya makuzi anapata wapi ushujaa wake?

Kalamu Mbichi

Wapenzi wa fasihi, hamjambo. Naomba macho ya watu waliozoea kuichambua riwaya hadi kwenye mfupa.

Nina mswada wa riwaya ya makuzi, yaani inayomfuata mhusika akikua kutoka utoto hadi utu uzima: maneno 58,000, sura 22, usimulizi wa nafsi ya tatu. Mhusika mkuu ni Mwanaidi. Tunamkuta Pangani akiwa na miaka 12, tunaachana naye akiwa na 19. Mama yake anafariki sura ya 2. Anapelekwa kwa mjomba, ng'ambo ya mto, Bweni. Anateswa na mke wa mjomba, anatolewa shule, anarudishwa shule kwa juhudi za mwalimu mmoja mwema, anafaulu kidato cha nne, anachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Hapo ndipo mwisho.

Msomaji wa kwanza wa mswada aliandika mstari mmoja pembeni: "Anapendeza, anatia huruma, lakini si shujaa wa hadithi hii." Nimempa Mwanaidi subira, adabu, akili ya darasani na moyo wa kusamehe. Hajamkosea mtu hata mmoja katika sura zote 22. Sasa nauliza: ikiwa hapigani vita wala haongozi watu, ushujaa wake utoke wapi? Ni lazima ashinde mwishoni? Na nianze kurekebisha wapi bila kuutupa mswada mzima?

Ukili

Karibu, Kalamu Mbichi. Jibu limo ndani ya muhtasari wako mwenyewe. Tazama vitenzi: anapelekwa, anateswa, anatolewa, anarudishwa, anachaguliwa. Vitano, na vyote viko katika kauli ya kutendwa. Kile kiambishi kidogo cha -w- ndicho kilichomnyima Mwanaidi ushujaa. Kitenzi pekee alichokitenda yeye ni "anafaulu", na hicho nacho kinaishia kwenye karatasi ya mtihani.

Neno "shujaa" linatupoteza kidogo kwa sababu tumelirithi kutoka kwenye tendi. Fumo Liyongo, shujaa wa tendi za Waswahili, hakui mbele ya macho yetu. Tunampokea akiwa tayari mrefu, tayari hodari, tayari malenga, na hata njia ya kumuua imeshajulikana kuwa ni moja tu, sindano ya shaba kitovuni. Riwaya ya makuzi inaanza na mtu ambaye bado hajawa. Ndiyo maana napenda zaidi neno "nguli", yaani mhusika mkuu anayeibeba hadithi, maana halimdai mhusika mabavu wala sifa. Nguli wa makuzi napima ushujaa wake kwa uamuzi alioufanya mwenyewe, kwa akili ndogo aliyokuwa nayo wakati ule, na kwa bei aliyoilipa. Sifa njema ulizomtajia, subira na adabu, ni mapambo. Hazisukumi sura hata moja.

Fanya hivi. Chukua karatasi, andika namba 1 hadi 22. Mbele ya kila namba andika sentensi moja inayoanza na "Mwanaidi" na kufuatiwa na kitenzi cha kutenda ambacho bila hicho sura inayofuata isingekuwa ilivyo. "Mwanaidi anaificha barua." "Mwanaidi anapanda kivuko bila ruhusa." Sura isiyotoa sentensi kama hiyo itie alama ya X. Usijidanganye kwa vitenzi kama analia, anawaza, anakumbuka, anavumilia. Hivyo ni vya kutenda kwa sarufi tu. Vifute vyote na sura inayofuata itabaki vilevile. X zikizidi theluthi ya sura, yaani saba kwako, ujue unasimulia msiba wa Mwanaidi, bado hujaanza kusimulia maisha yake.

Waandishi wengi wachanga hudhani uyatima unatosha. Unaleta huruma, ndiyo, lakini huruma ni ya msomaji, haiwi tendo la mhusika. Katika *Siku Njema* (1996), Kongowea anafiwa na mama yake Tanga na anaonja ukatili wa walezi, lakini hadithi inashika kasi pale yeye mwenyewe anapoamua kuondoka kwenda kumtafuta baba Kenya, safari inayomfikisha mpaka Kitale. Ondoa uamuzi ule, kinabaki kisa cha mtoto anayepigwa. Au mwangalie Tambudzai wa *Nervous Conditions* (1988), riwaya ya Zimbabwe. Ada ya shule ikikosekana kwake ilhali ya kaka yake inatafutwa, anaomba mbegu, analima mahindi yake ili ajilipie. Kaka anamwibia mahindi anawagawia wenzake. Ona jinsi mambo yalivyofungamana: kwa kuwa alilima, ana kitu cha kuibiwa; kwa kuwa kaibiwa, anapigana; kwa kuwa kapigana, mwalimu anaingilia na kumpeleka mjini kuyauza. Mwalimu mwema yumo, kama wako, lakini anakuja kwenye kazi ambayo msichana ameshaianza.

Somo wa Wari

Mimi nitaongeza kutoka upande wa jando na unyago, kwa sababu huko ndiko jamii zetu zilikofundisha kukua kabla riwaya haijaja. Mwari hutengwa, hufundwa, kisha hutolewa nje mbele za watu akiwa na jina na heshima nyingine. Mtafiti wa mila Van Gennep aliandika juu ya hatua tatu za namna hii mwaka 1909 kule Ufaransa, lakini kungwi wa Pwani, yule anayewafunda wari, hakumhitaji kuzijua. Riwaya zetu zimeibadilisha nyumba ya kufundwa kuwa shule ya bweni, nyumba ya shangazi, bandari, mji mkubwa. Mifupa ni ileile.

Mswadani mwako kutengwa kupo, na nakusifu kwa ule mto. Kuvuka kutoka Pangani mjini kwenda Bweni ni masafa mafupi mno, mtoto anaiona nyumba ya mama yake ng'ambo kila siku na hawezi kurudi. Usiupoteze mto huo kwa kuutaja mara moja tu. Kinachokosekana ni hatua ya pili. Kufundwa si kuteswa. Mateso ya mke wa mjomba yanajaza sura kadhaa, lakini Mwanaidi anajifunza nini humo ambacho hakukijua sura ya kwanza? Kama jibu ni "uvumilivu", alikuja nao tayari.

Hapa ndipo linapoingia swali la kungwi. Kila nguli wa makuzi ana mtu anayemfunda, na riwaya nzuri hazimpi kungwi mmoja msafi. Zinampa wawili watatu wanaopingana, na mmoja wao humpotosha. Yasmin wa *Vuta n'kuvute*, riwaya ya Shafi Adam Shafi, anamkimbia mumewe mzee Raza, jamaa zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, maskini, mpenda starehe, mwenye moyo. Mwajuma anamfunza kuishi nje ya ukuta wa jamaa zake. Denge anamfunza jambo jingine kabisa, siasa na gharama yake. Yasmin inabidi achanganye mwenyewe, na ule uchanganyaji ndio ukuaji wake.

Kinyume chake ni *Rosa Mistika* (1971) ya Kezilahabi. Zakaria anamlinda bintiye kwa fimbo. Fimbo inamjengea hofu ya wanaume, basi, haimfundi. Rosa anapofika chuoni Morogoro, mbali na baba, ana uhuru wote na mafunzo sifuri. Wanaosema Rosa ni mfano wa "msichana aliyeharibika" wameisoma nusu. Kezilahabi ametuonyesha mwari aliyefungiwa bila kungwi, kisha akatolewa.

Kuhusu mwalimu wako mwema: mpunguze nguvu. Akimsaidia Mwanaidi kwa jambo moja, amkatalie jingine. Na siku ya uamuzi mkubwa asiwepo: kahamishwa, kasafiri, au yupo lakini kaogopa. Mfadhili anayefika kila mlango unapofungwa anakuwa yeye shujaa, na mtoto anageuka mzigo wake. Hata Goethe, katika *Wilhelm Meisters Lehrjahre* (1795–1796), kitabu kinachohesabiwa kuwa baba wa riwaya za aina hii, alimwekea kijana wake jumuiya ya siri iliyomfuatilia tangu zamani kutoka mnarani. Kwa maoni yangu kila ukurasa wa ule mnara unampunguzia Wilhelm kidogo.

Mtu wa Bara

Nakubaliana na mengi, ila kipimo cha Ndugu Ukili kina kasoro na ni vyema mwenye mswada aijue kabla hajaanza kutia X kila mahali.

Mchukue Njoroge wa *Weep Not, Child* (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kijana yule karibu kila kitu anatendewa. Anapelekwa shule, nduguze wanamlipia, Hali ya Hatari ya Kenya ya ukoloni inaikumba nyumba yao, anatolewa sekondari na kuteswa. Ukimpima kwa kauli ya kutenda atafeli vibaya. Na bado ni nguli kamili. Kwa nini? Kwa sababu ana imani moja iliyo yake, kwamba elimu itamfanya mwokozi wa watu wake, na riwaya nzima ni kazi ya kuivunja imani hiyo kipande kwa kipande. Ushujaa mwingine uko kwenye kuona: mtu kukubali kwamba aliloliamini kwa moyo wote si kweli, na kuendelea kuishi baada ya hapo. Hilo linajibu pia swali lako la kushinda. Si lazima. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), nayo ya Kezilahabi, anajiua, Rosa anajiua, na hakuna anayeuliza kama ndio waliobeba riwaya zao. Lakini angalia, kifo hakiwezi kuwa njia ya mwandishi kuchoka. Katika *Kichwamaji* mashaka ya Kazimoto juu ya maana ya kuishi yanaonekana mapema, yanakua, yanapata hoja, ndipo mwisho unapokuja. Kumuua mhusika sura ya mwisho kwa kuwa hujui umpeleke wapi, msomaji atanusa.

Kwa hiyo kabla ya orodha ya matendo, andika sentensi nyingine mbili. Ya kwanza: "Akiwa na miaka 12 Mwanaidi anaamini kwamba…" Ya pili: "Akiwa na miaka 19 anajua kwamba…" Sentensi hizo zikifanana, hakuna makuzi, hata awe ametenda matendo mia. Na imani ya mwanzo isiwe ya kipumbavu, iwe na sababu. Mtoto aliyefiwa na mama anaweza kuamini, kwa mfano, kwamba akiwa mwema vya kutosha hatafukuzwa popote. Hiyo ni imani ya kweli kabisa kwa yatima, na inaweza kumfanya afanye ubaya mkubwa ili tu aonekane mwema.

Nalo hili la ubaya ndilo linalonisumbua zaidi katika maelezo yako: "hajamkosea mtu hata mmoja". Hapo ndipo penye shida. Pip wa *Great Expectations* (1860–1861) ya Dickens anamwonea haya Joe, fundi chuma aliyemlea, mara tu anapovaa nguo za mjini. Anadhani mfadhili wake ni bibi tajiri, kumbe ni Magwitch, mfungwa mtoro ambaye Pip alimpa chakula utotoni. Ukiniuliza Pip anakuwa shujaa lini, sitakutajia siku alipompa mfungwa mkate, maana siku ile alikuwa mtoto aliyeogopa. Anakuwa shujaa pale anapokaa kando ya Magwitch mgonjwa, mfungwa tena, mali yote ikiwa imepotea, bila kumwonea haya. Tendo la mwisho lina uzito kwa sababu tumemwona akitenda kinyume chake kwa sura nyingi. Mhusika asiyewahi kumwonea mtu haya hawezi kutuonyesha kuacha kuona haya.

Ukili

Mtu wa Bara, nakubali sehemu kubwa, na hoja ya imani ni nzuri kuliko yangu. Ila tuufuate mwisho wa Njoroge. Mama yake, Nyokabi, anamkuta amekwenda kujinyonga. Wanarudi nyumbani, nafsi inamshtaki kwa woga, na bado anakimbia mbele kuwafungulia mama zake wawili, wake wa baba yake, mlango. Anafungua. Kitenzi kimoja kidogo cha kutenda baada ya kurasa nyingi za kutendwa. Ngũgĩ alikiweka mahali pake makusudi, na uzito wake unatokana na kurasa zote zile zilizotangulia. Kwa hiyo niseme hivi: kutendwa kunaruhusiwa kama mwandishi anahesabu kuelekea kitendo kama kile. Kalamu Mbichi hakuwa anahesabu.

Kalamu Mbichi

Ahsanteni sana, nimekaa na karatasi. Matokeo: X ziko 13 kati ya 22. Imani ya mwanzo niliyoipata ni ileile aliyoitaja Mtu wa Bara, kwamba akiwa mwema hatafukuzwa. Ya mwisho sijaipata. Nimewaza pia kubadili usimulizi uwe wa nafsi ya kwanza ili awe karibu zaidi na msomaji. Je, hilo litasaidia? Taarifa ya ziada: mjomba hajui kusoma, na ana binti wa umri wa Mwanaidi, Zuhura, ambaye kwa sasa yumo sura nne tu, kama rafiki.

Hariri

Nafsi ya kwanza haitamwokoa mhusika asiyeamua, itamfanya alalamike kwa karibu zaidi. Ukiichagua, ichague kwa kuwa unataka sauti mbili ndani ya mdomo mmoja: msichana anayeishi tukio, na mtu mzima anayelisimulia. Pengo kati ya sauti hizo ndimo makuzi yanamosikika.

Kiswahili kina chombo chake cha kazi hii nacho ni -ngali-, kiambishi cha jambo ambalo lingeweza kutokea lakini halikutokea. "Ningalimwambia siku ile, asingaliozwa." Msimulizi mzima tu ndiye awezaye kutamka sentensi hiyo, mtoto wa miaka 12 hana habari ya lililofuata. Lakini itumie kwa kubana mkono. Tatu au nne kwa riwaya nzima zinatosha, na zikae mwisho wa aya ambapo msomaji bado hajui msimulizi anajuta nini. Ukiijaza kila sura, taharuki inakufa, maana kila kitu kimeshatangazwa. Kasoro ya pili ya kawaida ni kumpa mtoto msamiati wa mtu mzima. Mwanaidi wa miaka 12 hasemi "mjomba aliidhulumu mirathi". Anasema watu watatu walikuja na karatasi, mjomba akapaka kidole wino, na tangu siku hiyo hawakwenda tena kuokota nazi kwenye shamba la mama. Msomaji ataelewa kabla yake, na hamu ya kumsubiri aelewe ndiyo itakayomvuta mbele.

Kazi ya kubadili nafsi nayo ni kubwa kuliko kugeuza a- kuwa ni- na -m- kuwa -ni-. Pitia mswada uhesabu matukio ambayo Mwanaidi hayupo: mazungumzo ya mjomba na mkewe chumbani, mwalimu ofisini. Kila moja lina njia tatu tu. Alisikie kwa bahati (ruhusa mara moja, ya pili inakuwa hila), asimuliwe na mtu mwenye nia yake, au alikose kabisa na akisie vibaya. Hiyo ya tatu ndiyo tajiri kwa riwaya ya makuzi. Matukio hayo yakizidi matano, mimi ningebaki na nafsi ya tatu iliyofungwa machoni mwake, isiyoingia kichwani mwa mtu mwingine yeyote.

Jambo jingine dogo lenye nguvu ni namna watu wanavyomwita na kumwamkia. Mtoto hupita toka "we mtoto" hadi "binti" hadi "dada". Siku mtoto wa jirani anapompa shikamoo kwa mara ya kwanza, naye akasita kuitikia marahaba, hapo umeandika ukurasa mzima wa ukuaji kwa maneno mawili. Panga miito hiyo mapema: nani anamwita nini sura ya 1, 8, 15, 22. Mke wa mjomba asimwite jina lake hata mara moja hadi utakapoamua amwite, na siku hiyo iwe na sababu.

Na methali. Mswada wa makuzi wenye bibi anayesema kwa methali kila akifungua mdomo unachosha haraka. Chagua moja. Mtoto aisikie mapema aielewe vibaya, aitumie vibaya kumuumiza mtu katikati, kisha mwishoni isitajwe tena. Tendo lake litaonyesha ameielewa.

Ukili

Mjomba asiyejua kusoma na binti wa umri mmoja! Kalamu Mbichi, riwaya yako ilikuwa imelala hapo muda wote. Zuhura asiwe rafiki wa pembeni. Nakupa mpangilio, uupinge unavyotaka.

Sura ya 3, kivuko. Asipelekwe Bweni, aende. Ndugu wawili wanabishana nani amchukue, bibi wa Pangani au mjomba, naye mtoto anachagua mjomba kwa sababu ya kitoto kabisa: kule yupo Zuhura wa kucheza naye. Sasa kila kofi la nyumba ile linamwambia "ulichagua mwenyewe". Mateso yaleyale uliyokwisha kuyaandika yanabadilika ladha bila kuandikwa upya.

Sura ya 4 hadi ya 8, imani yake ifanye kazi. Anakuwa mwema kwa bidii, na msomaji aone bidii hiyo ina woga ndani yake. Yeye ndiye msomaji wa barua za nyumba nzima. Hiyo ni mamlaka ya ajabu kwa mtoto asiye na kitu, basi mpe muda wa kuionja.

Sura ya 9 ndiyo kitovu. Majibu ya darasa la saba yametoka, barua mbili za kuchaguliwa kidato cha kwanza zinafika, yake na ya Zuhura. Mjomba amekwisha kusema mbele yao kwamba uwezo wake ni kusomesha mmoja. Anaomba asomewe. Mwanaidi anasoma moja. Usiweke mawazo yake hapo, wala kilio. Weka karatasi, mkono, sauti inayosoma, na ya pili ikikunjwa. Nusu ukurasa.

Ule uamuzi una bei inayopanda, na ndiyo maana nauona unafaa. Zuhura anabaki nyumbani, anachezwa unyago, anaozwa. Mwanaidi anakwenda shule kwa ada iliyokuwa ya mwenzake. Kila sifa ya darasani uliyomwandikia, zile ulizodhani ndizo ushujaa wake, sasa inageuka deni. Huhitaji kuzifuta sura za shule. Ongeza tu kila moja mstari au tukio linalomkumbusha barua: Zuhura anamwomba amfundishe kusoma vizuri zaidi, Zuhura anamtumia nazi na ubuyu kwa mkono wa mtu, Zuhura anajifungua.

Mwalimu mwema aje sura ya 14, agundue kwenye orodha ya waliochaguliwa kwamba kulikuwa na jina la pili, na amshauri anyamaze. Huyo ndiye kungwi anayepotosha aliyetajwa na Somo wa Wari. Anampenda kweli mwanafunzi wake, na ushauri wake ni mbaya.

Kukiri kuje sura ya 19, kabla ya mtihani wa mwisho, wakati bado ana cha kupoteza. Akikiri baada ya kufaulu amekiri bure. Na amkirie Zuhura kwanza, uso kwa uso, mjomba baadaye. Zuhura asisamehe katika sura hiyo. Waandishi wengi huharibu hapa: wanamwandikia aliyekosewa machozi na kukumbatiana ndani ya ukurasa mmoja, na miaka yote ya dhuluma inafutika kama chaki.

Hesabu yangu ya haraka: sura 3, 9, 14, 19 na ya mwisho ziandikwe upya kabisa, nane hivi ziongezewe mistari, zilizobaki zibaki. Yaani kama maneno 14,000 ya kazi mpya.

Mtu wa Bara

Mpangilio huu unajibu na ile sentensi ya pili uliyoikosa. Miaka 12: nikiwa mwema sitafukuzwa. Miaka 19: nilikuwa mwema ili nisifukuzwe, na mwingine akafukuzwa badala yangu. Usiiandike popote mswadani. Ibaki kwenye karatasi yako ya mezani.

Neno juu ya mwisho. Dickens alimaliza *Great Expectations* kwanza kwa kuwaachanisha Pip na Estella, msichana anayempenda, kisha kwa ushauri wa rafiki yake mwandishi, Bulwer-Lytton, akaandika mwisho mwingine wenye tumaini. Wasomaji wanabishana hadi leo upi ni wa haki. Jaribu na wewe: andika miwili. Mmoja ambamo Mwanaidi anaipata nafasi ya chuo, mwingine ambamo ameikosa. Kisha angalia kama sura ya 19 inasimama katika yote miwili. Ikisimama katika mmoja tu, basi umekiri kwa ajili ya zawadi, rudi ukairekebishe hiyo sura kwanza.

Somo wa Wari

Na hatua ya tatu, kutolewa nje, isisahaulike: mwari hutolewa mbele za watu. Kukiri kwa siri hakutoshi. Mjomba aambiwe huku watu wa nyumba ile wakisikia, na lugha ibaki ya adabu yao: "Mjomba, kuna barua sikukusomea." Sentensi hiyo tu. Usimwongezee maelezo.

Halafu mrudishe kwenye kivuko. Safari hii awe anavuka na mtu, au anamvusha mtu. Kama ningekuwa na mswada huo mkononi, angekuwa na mtoto wa Zuhura mgongoni, na mizigo ya wanawake wawili miguuni, na nisingeandika wanakwenda wapi hadi kivuko kiguse upande wa pili.

Kalamu Mbichi

Nimeandika upya sura ya 9 usiku huu. Ukurasa mmoja na robo, nitaupunguza ufike nusu. Swali la mwisho kwa Hariri: matukio asiyokuwepo Mwanaidi nimeyahesabu, ni saba.

Hariri

Basi baki na nafsi ya tatu iliyofungwa. Na katika yale saba, yale mawili ya chumbani kwa mjomba yafute. Mwanaidi akiwa nje ya mlango huo, asikie sauti tu, asipate neno.